Jiko Lililosema Uongo

Kioo cha jiko kilionyesha nyuzi mia na sabini. Kipimajoto ambacho Tusekile alikiingiza ndani ya oveni kwa mkono wake mwenyewe kilionyesha mia tatu na ushei, na bado kilikuwa kinapanda. Alikitoa, akakifuta kwa ncha ya koti, akakirudisha. Hakikubadili kauli.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "hili jiko lako linasema uongo."

"Labda hicho chako ndicho kibovu," alijibu Mzee Anyosisye. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ameiweka nyuma, sweta lake limepauka kwa kufuliwa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Hiki nimekipima leo asubuhi kwenye maji ya kuchemka."

Mzee alitazama dirishani, ambako manyunyu ya Juni yaliufunika mji wa Mbeya na milima yake yote.

Tusekile aliinuka kwa awamu: kwanza mkono juu ya meza, kisha goti moja, kisha la pili. Umri ulikuwa umevuka hamsini, na kazi ya kutengeneza majiko ya Shirika la Joto alikuwa ameifanya tangu mkaa ulipopigwa marufuku. Wakati ule kila nyumba ilipewa jiko la aina moja, oveni chini na maikroweva juu, vyote katika kabati moja la chuma lililopachikwa ukutani, na katikati yake kibao chembamba cha umeme ambacho kazi yake ilikuwa kuzuia joto lisizidi. Kazi hiyo kilifanya. Kilifanya na nyingine. Kilijua oveni iliyowashwa ikiwa tupu, kilijua chungu kilichosahauliwa, kilijua bakuli la plastiki lililoingizwa motoni, na yote hayo kiliyapeleka Shirika kabla mwenye nyumba hajafungua dirisha kutoa moshi. Watu walikiita mbea. "Mbea wangu kanisema tena," walitaniana sokoni Mwanjelwa, wakacheka, ila si sana.

Tusekile hakuwa ameitwa na Mzee Anyosisye. Aliitwa na jirani wa ghorofa ya juu, mama mmoja aliyelalamika kwamba sakafu yake inaunguza. Mbea wa jiko hili, kwa upande wake, alikuwa ametuma habari njema miezi mitatu mfululizo. Hakuna jiko lenye habari njema tupu. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Tusekile aanzie chini.

"Nalizima," alisema. Alikwenda koridoni, akashusha swichi kuu ya jiko, akarudi, akafungua skrubu za paneli.

Alianza na maikroweva, kwa sababu kapasita yake hutunza umeme hata baada ya jiko kuzimwa, na ilikuwa imewahi kumtupa fundi mwenzake chini asiamke. Aligusisha bisibisi yenye mpini wa mpira kwenye ncha zake mbili. Cheche ikalia, ikaisha. Alipopima swichi ya mlango alikuta nyaya zake zimeunganishwa moja kwa moja. Maana yake mlango ukiwa wazi au umefungwa, kwa mashine hii yote ni sawa. Ingeweza kuwaka huku mtu kaingiza mkono ndani.

"Mungu wangu," alisema taratibu.

Akashuka kwenye oveni. Kihisi joto kikiwa kizima, ukikishika tu, namba kwenye mita hubadilika, maana mkono wa mtu una joto lake. Hiki alikishika, akakipulizia pumzi, mwishowe akakibana kwapani kama muuguzi. Namba haikusogea. Akafuata waya wake kwa kidole hadi nyuma ya kibao, na hapo akakuta umekatwa, na mahali pake pamechomelewa rezista, kijiti kidogo chenye mistari ya rangi. Kijiti hicho hakikujua joto wala baridi. Kilikuwa kikimwambia mbea neno moja tu, usiku na mchana: mia na sabini, mambo shwari. Fyuzi ya joto ilikuwa imerukwa kwa kipande cha shaba. Na elementi yenyewe, ule mshipi wa chuma unaowaka mwekundu, ilikuwa imetolewa mikononi mwa kibao na kupelekwa kwenye swichi ya kawaida ya taa, iliyofichwa nyuma ya ndoo ya maji. Ukiiwasha, oveni inawaka. Isipozimwa kwa mkono, itaendelea kuwaka mpaka chuma kilegee.

Uchomeleaji ulikuwa safi. Hakuna tone la risasi ya kulehemu lililomwagika.

"Nani kakufanyia hii, baba?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa fundi wa taa za ishara reli." Alisema bila fahari, kama mtu anayetaja ugonjwa wake kwa daktari. "Na ile swichi naiangalia mimi. Haiwashwi nisipokuwepo. Haizimwi nisipoizima."

"Usiku je?"

"Nakaa."

*

Mzee Anyosisye alimpikia chai kwa birika ya umeme, akaisukuma mbele yake pamoja na sukari, kisha akaketi kwenye kiti cha mbao kilichokuwa kando ya ndoo. Ilionekana ndipo anapokaa siku zote. Sakafu chini ya miguu ya kile kiti ilikuwa imechubuka.

"Mke wangu, mama yako, alianza kusahau mwaka juzi," alisema. "Vitu vidogo. Baadaye akawasha oveni, hamna kitu ndani. Mbea akasema. Mara nyingine akaweka bakuli la plastiki. Mbea akasema. Shirika wakaniletea ujumbe: ikitokea tena, wanakuja kumpima. Na unajua wakishampima."

Tusekile alijua. Wanaopimwa na kuonekana akili inawaacha walipelekwa Makao ya Utulivu, huko bondeni Usangu, kwenye joto na mabweni meupe.

"Makao si jela, baba," alisema. "Baba yangu mzazi yuko huko."

"Anaendeleaje?"

"Amenenepa. Anacheza bao. Jina langu limemtoka, lakini ananiita dada, tunakwenda hivyo hivyo."

"Alikuwa na mke?"

"Mama alishatangulia."

"Basi." Mzee Anyosisye aliweka kikombe chini. "Mimi niko."

Tusekile alinywa chai yake. Alihisi uchovu wa zamani ukimpanda kutoka kwenye visigino, uchovu usiotokana na ngazi alizopanda siku hiyo, bali na majiko yote aliyowahi kuyafungua na kukuta ndani yake mambo ya watu. Alipokuwa kijana alidhani atakuwa anatengeneza joto. Hakuambiwa kwamba atakuwa akiingia kwenye nyumba za watu na kuamua nani aendelee kuishi wapi.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Bi Bupe akaingia, mwembamba, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, viganja vyeupe kwa unga. Alimwona Tusekile, uso ukamchanua.

"Eh, Atupele! Umekuja lini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaeni, nawafanyia skonzi."

Alikwenda mezani, ambako chini ya kitambaa kulikuwa na bonge la unga uliokandwa. Alilifunua na kuanza kulikata. Hapo ndipo Tusekile alipoelewa kile ambacho mzee alikuwa akikilinda, kwa sababu yule mwanamke aliyemwita kwa jina la mtu mwingine alikuwa hakosei. Mikono ilikata, ikaviringisha, ikabonyeza kidogo katikati, ikapanga kwenye trei, kila donge sawa na mwenzake. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimesahau mwaka na mwezi, lakini mikono haikuwa na habari hiyo.

"Atupele ni nani?" Tusekile aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mdogo wake. Alifariki." Mzee Anyosisye alijifuta macho kwa kiganja. "Unaniambiaje, fundi?"

"Niende kwanza juu nikaone. Ndiko nilikoitwa. Jiko msiliguse, liko wazi, nyaya ziko nje. Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia."

Kwenye begi lake mlikuwa na kufuli dogo la njano, la kufungia swichi kuu ili mtu mwingine asiipandishe wakati fundi hayupo. Alipita mbele ya swichi na begi begani. Alifikiria tu zile ngazi.

*

"Njoo uone mwenyewe, dada," alisema Mama Ipyana. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye haraka, amempakata mtoto wa kutambaa. "Nisije nikaambiwa nina maneno."

Alikunja zulia la plastiki. Chini yake rangi ya sakafu ilikuwa imevimba na kupasuka, kwenye eneo linalotosha kulala mtoto. Majengo haya ya Ilomba yaliinuliwa haraka, na kati ya nyumba na nyumba hakukuwa na zaidi ya bati na simenti nyembamba. Kisha Mama Ipyana akainua suruali ya mtoto. Kwenye magoti yote mawili kulikuwa na malengelenge, moja limeshapasuka.

"Nilidhani ni upele," alisema. "Nikampaka mafuta. Mpaka siku niliyokanyaga pekupeku. Chini kwangu anakaa nani, dada? Yule mzee tunasalimiana, mkewe simwoni. Wanachoma nini humo?"

"Mkate," alisema Tusekile.

Alipiga magoti, ingawa magoti yalikataa, akaweka kiganja sakafuni. Palikuwa vuguvugu, joto lililobaki la asubuhi, likiondoka. Alikaa hivyo akitafuta maneno. Alitaka kumwambia huyu mama kwamba hana haja ya kuogopa tena, ila hakuwa na uhakika bado ni kwa nini.

Chini ya kiganja chake, bati liligonga. Likagonga tena, ule mlio wa chuma kinachotanuka.

Mwanzoni alidhani amesikia vibaya. Halafu lile vuguvugu likaacha kuondoka. Likasimama, likageuka, likaanza kurudi.

"Toka hapa na mtoto," alisema. "Nenda koridoni."

"Kuna nini?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Alishuka ngazi akishikilia ukuta, goti la kulia likimlipuka kwa kila hatua, harufu ikimpokea njiani: kwanza unga, kisha plastiki, kisha ile harufu kali ya mpira wa waya unaoungua, ambayo fundi wa umeme huijua hata usingizini.

Mzee Anyosisye alikuwa kitini mwake. Kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mkono umening'inia hadi karibu na ndoo. Alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyeangushwa. Mbele yake Bi Bupe alisimama na kitambaa cha kushikia vyungu mkononi, akingoja kwa subira. Oveni ilikuwa inanguruma. Alikuwa ameweka trei ndani pamoja na mfuko wa unga, wote, na plastiki ilikuwa inadondoka juu ya elementi ikiwaka vimoto vya buluu. Nyaya ambazo Tusekile aliziacha nje zilikuwa zimeanza kutoa moshi, na mmoja ulining'inia karibu kabisa na aproni ya Bi Bupe.

"Mama, usisogee!"

Alirudi koridoni, akaipiga swichi kuu kwa ngumi. Ngurumo ikakata. Alimvuta Bi Bupe kwa bega, akamweka upande wa dirisha, akachukua zulia dogo la mlangoni na kuzimisha vimoto. Aliketi sakafuni.

"Mbona umezima?" Bi Bupe aliuliza. "Hazijaiva."

"Ulipandisha swichi ya koridoni, mama?"

"Umeme ulikuwa umekatika. Nimeurudisha."

Mzee Anyosisye alikuwa ameamka. Alitazama moshi, akamtazama mkewe, akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa jirani na ile swichi ya ndoo, ambayo ilibaki imewashwa na haukuizima. Tusekile hakutaka kuuona tena uso wa mtu ukiwa vile.

"Nilifumba kidogo tu," alisema mzee.

"Najua, baba. Na mimi nilipaswa kufunga ile swichi kwa kufuli, sikufunga. Hilo ni langu, usilibebe."

*

Mama Ipyana hakukaa koridoni. Alikuja hadi jikoni, mtoto mgongoni, akasimama katikati ya moshi na kuangalia kila kitu.

"Kwa hiyo ndiyo hivi," alisema. "Mwanangu anaunguzwa magoti kwa sababu ninyi mnamficha mtu."

"Binti yangu," mzee alianza.

"Mimi si binti yako. Ungekuja ukaniambia ningekuwa binti yako."

Tusekile alijua ni zamu yake, na hakuitaka.

"Nikiacha hivi," alisema, "mtaungua, na watu wa juu wataungua. Siachi. Nikirudisha mbea kama alivyokuwa, siku si nyingi atamsema mama, na watakuja. Nikiling'oa jiko lote, Shirika litauliza nyumba isiyopika inakula nini, watakuja vile vile."

"Rudisha fyuzi, rudisha kihisi," alisema Mzee Anyosisye upesi. "Mzibe mdomo tu. Asiseme. Wewe unaweza."

"Siwezi, baba. Kinachopima ndicho kinachosema. Ni kibao kimoja. Nikimziba mdomo nimemziba na macho, na tunarudi hapa hapa."

"Basi nitaacha kulala."

"Umeshaacha," alisema Bi Bupe.

Waligeuka wote. Alikuwa bado dirishani, kitambaa mkononi, na sauti yake ilikuwa nyingine, kavu, ya mwanamke aliyewahi kusimamia nyumba.

"Mnanizungumza kama nimetoka," alisema. "Nipo. Najua kuna siku sipo, lakini sasa hivi nipo. Anyosisye, umekwisha. Nguo zako zinakuvaa wewe." Alimtazama mtoto mgongoni mwa Mama Ipyana kwa muda. "Nimemuunguza huyu?"

"Magoti," alisema Mama Ipyana, na hasira yake ikapungua kidogo, si yote.

"Sitaki kuunguza mtoto wa mtu. Nifungieni hilo jiko."

"Ukiacha kupika utabaki na nini?" Mzee Anyosisye aliuliza.

Tusekile alikuwa akiangalia ile swichi nyuma ya ndoo. Ilikuwa kazi nzuri ya kihalifu, na fikra iliyomjia ilitokea humo humo. Kitu kilichoharibu kingeweza kugeuzwa kikatumika upande wa pili.

"Kuna njia," alisema polepole. "Kila kitu kirudi mahali pake. Kihisi kizima, fyuzi, mlango wa maikroweva. Mbea aone na aseme anavyotaka. Ila waya unaoleta umeme upitie swichi nyingine, mbali na hapa. Mama akibonyeza jiko peke yake, halina umeme, haliwaki. Jiko lisilowaka halikosei, na mbea hana cha kusema. Mpaka mtu wa pili awashe upande wake. Naiweka chumbani, baba, na wewe..."

"Huyu?" Mama Ipyana alimkatisha. "Huyu aliyelala jiko likiwaka? Hapana. Iwekeni kwangu."

Mzee Anyosisye aliinuka kitini. "Niombe ruhusa ya kupika ndani ya nyumba yangu? Kwa mtu aliyezaliwa juzi?"

"Ndiyo. Au mimi nipige simu Shirika sasa hivi. Sitaki kumfukuza mtu, mzee, lakini sakafu ni yangu."

Ilikuwa haki, na ilikuwa inauma, na Tusekile aliona mzee akitafuta namna ya kukataa na kuikosa. Ndipo Bi Bupe akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa chepesi kiasi kwamba mtoto aligeuza shingo kumtazama.

"Kwetu Rungwe," alisema, "mama alikuwa akinituma kwa jirani na kigae, kuomba moto. Asubuhi, baridi kama hii. Unafika, unasalimia, unapewa kaa, unarudi mbio lisije likazimika. Kila mtu aliomba. Hakuna aliyeona haya." Alimgeukia Mama Ipyana. "Mimi nitaomba. Utanipa?"

Mama Ipyana aliweka mtoto sawa mgongoni.

"Ukiomba," alisema, "nitakupa."

*

Kazi ilimchukua Tusekile mchana wote. Alipitisha waya kwenye mfereji wa mabomba hadi juu, akafunga swichi karibu na mlango wa Mama Ipyana, juu mtoto asipofika, akabadilisha nyaya zilizoungua, akarudisha mlango wa maikroweva kwenye adabu yake. Kihisi kipya alikishika mkononi na mita ikacheza mara moja. Wakajaribu. Kipimajoto chake na kioo cha jiko vilipanda pamoja, vikafika mia na sabini pamoja, na kibao kikakata moto kwa mlio mdogo, tak.

Alipokuwa anakusanya vifaa, Mzee Anyosisye alimfuata hadi ngazini.

"Utaandika nini?"

"Nilichokikuta na nilichokifanya."

"Na kijiti changu?"

"Na kijiti."

Mzee alishika ukingo wa ngazi. "Kwa hiyo umetusaidia ili utuuze."

"Nikificha, baba, ipo siku atakuja fundi mwingine. Ataona swichi isiyo ya Shirika, ataing'oa, na hatawauliza kitu. Afadhali waijue kutoka kwangu, na sababu yake." Alitafuta la kuongeza. Hakuwa na nguvu ya kulipamba. "Nimechoka kuwa mbea. Ila kuficha nako kunachosha, wewe unajua kunavyochosha."

Mzee hakumuaga. Tusekile alishuka akijua huenda amekosea, na alilala siku hiyo bila kula, na asubuhi bado hakujua.

Shirika lilijibu upesi. Kwa kuongeza kifaa kisichoidhinishwa, aliondolewa kazi ya mitaani na kupelekwa bohari ya Iyunga, kuchambua vipuri vilivyokufa. Na kwa ajili ya Bi Bupe, wiki chache baadaye msimamizi wa Tusekile, Bwana Ngailo, aliamua kwenda kumpima yeye mwenyewe. Alimchukua Tusekile kwenye gari, si kwa upole. Alitaka amwonyeshe swichi ya kung'oa.

Bwana Ngailo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majengo mengi na watu wachache, na sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kutoa habari zisizopendwa. Aliketi mezani, akavua kofia, akamuuliza Bi Bupe huu ni mwaka gani. Hakujua. Mwezi? Alisema ni mwezi wa kupanda viazi. Watoto wako wangapi? Alianza kuhesabu kwa vidole, akapotea, akamtazama mumewe kuomba msaada, na Mzee Anyosisye, aliyekatazwa kusema, akainamisha kichwa.

Tusekile alisimama ukutani na kutamani arudi bohari.

"Haya, mama," alisema Bwana Ngailo. "Jiko likikataa kuwaka, unafanya nini?"

"Namwita Mama Ipyana."

"Naye asipoitika?"

"Nangoja. Hanyimi, ila ana mtoto."

Bwana Ngailo alishika kalamu na hakuandika. Aliomba kwenda juu.

Mama Ipyana alikuwa anafua. Alimwonyesha swichi, akamwonyesha sakafu iliyopakwa rangi upya, na magoti ya mtoto yaliyobaki na makovu mepesi. Alijibu alichoulizwa, bila kuongeza.

"Naweza kuiacha hii swichi mpaka masika ijayo ipite," alisema Bwana Ngailo hatimaye. "Baada ya hapo tunapima tena, na siahidi kitu. Lakini sitaiacha kama wewe umechoka nayo. Huu si mzigo wako, dada. Ukisema niitoe, naitoa leo."

Mama Ipyana alikamua shati, akalitundika.

"Nachoka," alisema. "Mara tatu, mara nne kwa siku ananiita. Nawasha. Halafu nashuka kuangalia, nakuta hata unga hajatoa. Amekaa tu. Nikamuuliza, bibi, moto wote huu wa nini? Akaniambia alitaka kusikia kama nipo."

Bwana Ngailo alitazama kofia yake.

"Kwa hiyo niitoe?"

Kabla hajajibu, sauti nyembamba ilipanda kupitia mfereji wa mabomba, wazi kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili.

"Mama Ipyana! Hodi huko! Naomba moto!"

Mama Ipyana alijifuta mikono kwenye kanga, akapita katikati yao wawili, akaenda kuwasha.